Betri Iliyozunguka Mezani

"Ajuaye kilichomo ndiye achambuaye." Mmeisikia kwa mafundi simu, nanyi mkadhani wameitoa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Wala! Methali hii ilianza hivi, na ilianza kwa majuto.

Kilosa palikuwa na fundi simu aitwaye Abeidi, mwepesi wa mikono na mwepesi zaidi wa mdomo. Mafundi wana desturi yao: wakiitilia betri shaka, huilaza mezani na kuizungusha kwa kidole. Iliyo nzima hukwama. Iliyovimba huzunguka kama pia. Siku moja Abeidi aliizungusha betri ya mteja, nayo ikazunguka hadi watu wakacheka.

"Hii ina mimba ya mapacha!" alisema, akaitupa kwenye ndoo ya taka, juu ya maganda ya machungwa na vioo vya simu vilivyopasuka. Alijua fika kwamba betri ya namna ile haifai kukaribia moto. Ila kuchambua taka aliona ni kazi ya mzoa taka.

Mzoa taka wa soko lile alikuwa Mzee Chitemo. Kila jioni alikusanya ndoo za vibandani na kuzichoma shimoni nyuma ya soko. Jioni ile aliinama kuchochea moto, betri ikamlipukia usoni. Jicho lake la kulia halikupona.

Siku nne Abeidi alijidanganya kwamba huenda ilikuwa betri ya fundi mwingine. Siku ya tano nafsi ilimsuta, akaenda.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, fundi. Karibu, keti."

Hakuketi. "Mzee, ile betri ilikuwa yangu."

Mzee Chitemo aligeuza kichwa ili amwone kwa jicho lililobaki. "Ulijua imeharibika?"

"Nilijua. Niliizungusha mezani, nikacheka."

"Mimi betri sizijui, mwanangu. Kwangu ndoo ni ndoo, naibeba kama nilivyopewa. Wewe ndiye uliyejua. Ajuaye kilichomo ndiye achambuaye."

Heri angemtukana. Abeidi alilia palepale, lakini maji yakishamwagika hayazoleki.

Tangu hapo aliweka makopo matatu chini ya meza: la betri likiwa na mchanga ndani, la saketi, na la vioo. Mafundi wenzake walimtania, wakamuuliza nani anamlipa kwa usafi huo. Akawasimulia habari ya jicho, bila kujipunguzia kosa hata kidogo. Mmoja baada ya mwingine wakatafuta makopo yao.

Mzee Chitemo hakurudi tena shimoni. Akipita sokoni, binti yake akimshika mkono, alimsalimu Abeidi kwa upole uleule, na Abeidi aliitikia huku ameinamisha uso. Miaka yote hakuweza kumtazama usoni.

Basi mkimkuta fundi anatenga betri zake, msimuulize anapata faida gani. Ajuaye kilichomo ndiye achambuaye.