Ukuta wa Bi Mwanamvua

Hapo zamani, si zamani za mbali, maana ukuta wenyewe upo na baadhi yenu mmeuegemea, palikuwa na mtoto wa kike akiitwa Mize. Alikuwa na kichwa kikubwa na mikono mifupi, na maneno yake ya siku nzima hayakujaza kiganja. Msicheke. Kichwa na mikono alivirithi kwa Bi Mwanamvua, mama wa baba yake. Maneno, Bi Mwanamvua aliyabakiza yote kwake mwenyewe.

Wakati ule mtoto hakuandikishwa skuli kwa cheti. Alisimamishwa mbele ya Maalim Shali, akaambiwa, "Pitisha mkono wa kulia juu ya utosi, ushike sikio la kushoto." Akilishika, amekua, aingie. Asipolishika, arudi nyumbani akakue. Mize alipelekwa mwaka wa kwanza, vidole vikaishia utosini. Akapelekwa mwaka wa pili, vikasogea kidogo tu. Mtaa mzima ukasema mtoto ana kichwa kizito. Hadia, mama yake, akawa analia jikoni ili watu wadhani ni moshi.

Bi Mwanamvua akakata shauri: "Mwaka huu ndio wa mwisho. Akikosa, hapelekwi tena. Atakaa jikoni apepee chungu."

Sasa tegeni masikio, maana wanaingia wanawake watatu, na hakuna hata mmoja aliyekusudia jema.

Wa kwanza ni huyo huyo Bi Mwanamvua. Mize alichora ukutani tangu ana miaka mitatu, na kila Ijumaa bibi alipaka chokaa kufuta. Lakini bibi alikuwa mkono wa birika! Chokaa yake maji matupu, tena alipaka palipochafuka tu, kiraka baada ya kiraka, kutoka mlangoni kuelekea mtaroni. Mtoto naye akasogea, akachora mbele ya kiraka kipya.

Wa pili ni Bi Sikujua, muuza mkaa, nyumba ya pili. Hakuzaa, na hakuna mtoto aliyewahi kupewa jina lake. Yeye na Bi Mwanamvua hawakusalimiana tangu ugomvi wa jogoo. Kila Jumamosi, chokaa ya jirani ikikauka, alimwita Mize akamchagulia kipande cha mkaa chembamba kisichovunjika. "Nenda kachore, mwanangu. Chora sana." Kisha akakaa mlangoni kusubiri matusi ya jirani, akayasikiliza kwa raha zake.

Wa tatu ni Bi Arafa, mshona kofia, ambaye kibaraza chake kinatazamana na ukuta ule. Mbea huyu! Kila alichochora Mize alikiona, akakiweka kichwani pamoja na mwezi wake. Aliona jambo ambalo wengine hawakuliona, lakini hakulisema. Alikuwa analitunza mpaka apate mtu wa maana wa kumpa. Na Hadia je, aliyekuwa analia? Hadia hakuhesabiwa mtu wa maana.

Ikafika siku ya mwaka wa tatu. Mize akapitisha mkono, vidole vikagusa nywele za juu ya sikio. Sikio lenyewe hapana. Maalim akatikisa kichwa. Mtoto hakulia. Alikwenda moja kwa moja ukutani, akachora.

Bi Mwanamvua akatoka, akakuta ukuta wake mweusi na chokaa imekwisha. Akanyanyua ndoo ya maji ya vyombo, akaumwagia ukuta mzima. "Kuchora unajua! Sikio lako mwenyewe hulijui lilipo!"

Lo! Mnaojua chokaa nyepesi mnajua kilichofuata. Ikilowa, haifichi kitu. Michoro yote ya miaka ile ikatokeza, kutoka mlangoni hadi mtaroni.

Maalim Shali alikuwa amekwishafika kibarazani kwa Bi Arafa, akisubiri kofia yake. Akaanza kucheka. Bi Arafa, siri zimemjaa mdomoni, akamshika mkono. "Usicheke, Maalim. Anzia mlangoni."

Mlangoni palikuwa na mikwaruzo, kama kuku amepekua.

"Hapo ana miaka mitatu, mkono unacheza tu. Sogea. Unaona duara? Amejua kulifunga. Sogea. Duara limeota macho na miguu."

"Kichwa kinatembea chenyewe?" akauliza Maalim.

"Ndivyo wanavyoanza. Sogea. Mikono imetoka masikioni. Sogea. Vidole kumi na vitatu mkono mmoja. Sogea. Vitano! Na tumbo limepatikana. Huyu mama yake, na ndani ya tumbo kuna mtoto. Kila mwaka amepanda ngazi yake, Maalim. Hakuruka hata moja."

Wakafika mtaroni, kwenye mchoro wa siku ile. Mtoto mwenye kichwa kikubwa. Mkono wake umetoka begani, mrefu kama kamba ya kisima, umepita juu ya utosi, umeteremka, umeshika sikio. Sikio la kushoto hasa.

Maalim akasema, "Huyu alinifahamu vizuri. Mimi ndiye niliyekuwa napima mikono, si akili." Akamwita Mize, akamwambia kesho aje skuli.

Hadia akalia tena, safari hii hadharani, wala hakusingizia moshi. Alikuwa na mimba ya miezi minane. Akaapa mbele ya mtaa: "Aliyemfungulia mwanangu mlango huu, nikizaa wa kike nitampa jina lake."

Akazaa wa kike. Siku ya saba wakaja wote watatu, wamejitanda kanga mpya.

Bi Mwanamvua akasema, "Ukuta ni wangu. Chokaa ni yangu. Ningepaka nzito, mngeona nini? Ndoo nani aliinyanyua?"

Bi Sikujua akasema, "Umepaka ili ufute! Mkaa ulikuwa wangu, bure, miaka minne. Nilitaka kukuudhi, sikatai. Lakini asingekuwa na mkaa angechora kwa mate? Tena wewe, Bi Mwanamvua, una wajukuu watatu wa jina lako. Mimi nikifa, nani ataitwa Sikujua?"

Bi Arafa akasema, "Ukuta ulilowa, mkaa ukatokeza, na Maalim akacheka. Bila mdomo wangu angechukua kofia akaenda zake."

"Mdomo huo ulikuwa wapi miaka yote nikilia?" akauliza Hadia.

Mwalimu wa dua amefika, kalamu iko mkononi aandike jina. Wanawake watatu wameielekea kalamu, na Bi Sikujua amesogea mbele ya wenzake. Ubahili, fitina na umbea vimempeleka mtoto skuli, na kichanga kimelala mapajani mwa mama yake, hakina jina. Haya, nyinyi mliokuwa mnacheka, semeni sasa: je, kichanga hiki kilistahili kupewa jina la nani?