Ndama wa Katapila

Sogezeni vigoda karibu, na mwenye mtoto anayelia amnyonyeshe sasa, maana hadithi hii haina pa kupumzikia.

Huko Rungwe, mahali ambapo hata njia ya kwenda chooni ina mteremko, palikuwa na kikundi cha wafugaji wa ng'ombe wa maziwa. Ndani ya kikundi walikuwemo watu watatu waliogawiwa vipaji bila mpango wowote. Tusekile alipewa pua. Akipita nje ya jiko lako anakuambia maziwa yako yatakatika kesho asubuhi, na kweli yanakatika. Subilaga alipewa mikono isiyochoka, mwenyewe mwembamba kama mti wa kupandishia maharage, kwa kuwa chakula chote kiliishia kwenye kazi. Na Ambakisye alipewa uzito. Ule uzito ulikuwa wa nini, hakuna aliyejua.

Kikundi kilinunua katapila dogo, lile la kijiko mbele na mikanda ya mpira mahali pa magurudumu, kutoka kwa mkandarasi aliyemaliza barabara yake. Lilikuwa limetumika hata rangi ya kiti haijulikani. Mkandarasi alimfundisha Subilaga kuliendesha kwa nusu siku, akaondoka. Mvua ikaanza siku hiyohiyo. Wenyewe, kwa heshima, hawakuliacha nje linyeshewe: walilifungia ndani ya ghala la mahindi, kama ng'ombe mgeni, mpaka mvua zilipokwisha. Walipokuja kulifungulia, liliwaka, likakohoa mara tatu, likazimika. Na mkanda wa kushoto ulikuwa umechomoka, umelala chini kama ulimi wa ng'ombe mwenye kiu.

Mwenyekiti, Mama Lwitiko, akatazama, akakunja mikono.

"Desturi yetu mnaijua," akasema. "Anayeuguza ng'ombe wa kikundi akapona, ndama wa kwanza ni wake. Katapila halizai. Basi siku yake ya kwanza ya kazi ndiyo ndama. Atakayeliponya, siku hiyo ni yake. Kesho yake linaanza kuchimba barabara ya kikundi ya kupitishia maziwa, na halitoki huko mpaka mvua zirudi."

Subilaga aliposikia hivyo alihisi viganja vinamwasha. Alikuwa na matofali yaliyochomwa miaka miwili iliyopita, yameota ukoka, kwa sababu kiwanja chake kilikuwa ubavuni mwa kilima na jembe lilikuwa limeshindwa kukisawazisha. Alilala chumba kimoja na mitungi ya wifi yake. Siku moja tu ya katapila, na angekuwa na mahali pa kusimamisha ukuta kabla ya mvua. Asipoipata, mwaka mwingine na mitungi.

Akaanza siku hiyohiyo. Tope la mkandarasi lilikuwa limegandamana kati ya vigurudumu vya chuma vinavyobeba mkanda, gumu kama kuta za boma la Wajerumani, na ndani yake mna mawe. Alilichokoa kwa panga bovu siku mbili. Siku ya tatu akaurudisha mkanda kwa mtaimbo, akashika pampu ya grisi, akapampu kwenye tundu la kukazia mkanda alilokuwa ameonyeshwa, mpaka mkanda ukakazika, ukabaki na ulegevu wa vidole viwili. Akafanya hivyohivyo upande wa kulia.

"Unaliosha kama bibi harusi," Ambakisye alimwambia, akiwa ameketi juu ya gunia. "Na bwana harusi hawaki."

"Shuka kwenye gunia kwanza, kaka. Hayo mahindi yanageuka unga."

Ndipo akaja Tusekile, kuchukua mahindi yake tu. Akasimama mlangoni, pua ikacheza.

"Nani kafuga panya humu?"

"Ghala gani halina panya, dada?" Subilaga akamuuliza.

"Panya wa ghala wananuka mahindi. Hawa wananuka oili." Akaizunguka mashine, akainama nyuma, akagonga kopo kubwa la pembeni mwa injini. "Fungua hapa."

Ndani ya kopo kulikuwa na chujio la hewa, na ndani ya chujio kulikuwa na ukoo mzima: mama, watoto saba, na godoro la maganda ya mahindi. Injini ingepumulia wapi? Wakawahamisha, wakakung'uta vumbi, wakafuta, wakafunga chujio jipya ambalo mkandarasi alikuwa ameliacha kwenye sanduku la vifaa. Subilaga akapanda, akawasha. Likanguruma, halikuzimika tena. Watu wakapiga vigelegele, Tusekile akajifuta mikono kwenye kanga kama mtu aliyemaliza kupika.

Subilaga akateremsha chuma cha usalama mbele ya tumbo lake, akasukuma vishikio. Mashine haikusogea. Kijiko nacho, kimya. Akavuta, akasukuma, akaomba. Injini inaunguruma vizuri kabisa na mwili umekataa. Wakapima oili ya haidroliki, ile inayosukuma kijiko na mikanda, imejaa. Wakaangalia fyuzi, nzima. Wakazungumzia kufungua pampu ya oili hiyo, na Subilaga moyo ukamshuka, kwa kuwa pampu ikifunguliwa na watu wasiojua, haifungwi.

"Teremka upumzike," Ambakisye akamwambia. "Na mimi nionje kukaa kwenye kiti cha wakubwa."

Akajipenyeza kwa taabu, akavuta kile chuma kikamkaa juu ya tumbo, akamenya ndizi. Kiwiko kikagusa kishikio. Kijiko kikainuka, na kapu la Mama Lwitiko, ambalo mwenyewe alikuwa amelihifadhi humo, likaenda juu pamoja na daftari la kikundi na mayai kumi.

Hakuna aliyecheka mpaka kapu liliposhushwa salama. Kisha walicheka mpaka Tusekile akaketi chini.

Wakajaribu tena. Akikaa Subilaga, mashine imekufa. Akikaa Ambakisye, nzima. Wakanyanyua kiti. Chini yake kulikuwa na swichi inayohakikisha dereva amekaa, isipobonyezwa mashine haisogei, nayo ilikuwa imeshindiliwa pumba za mahindi. Uzito mdogo haukuifikia. Wakaipangusa, na Subilaga akaliendesha mpaka nje kwenye jua.

"Basi siku ni yangu," akasema. "Siku tatu nimekula tope."

"Tope ungelila mwaka mzima bila pua yangu," Tusekile akajibu. "Ng'ombe wangu anazaa mwezi ujao, na zizi lina tope hadi magotini. Ndama wangu atazaliwa anaogelea?"

"Na bila makalio yangu mngekuwa mmeshafungua pampu," Ambakisye akasema, safari hii bila mzaha. "Mnamjua mama yangu. Akiugua anabebwa na wanaume wanne mpaka barabarani, na wanaume wanne sasa wananikimbia. Nataka njia ya gari ifike mlangoni kwake."

"Wewe ulikaa tu," Subilaga akasema.

"Dada, wengi wamekaa maisha yao yote na hawajaponya kitu."

Mama Lwitiko aliwatazama wote watatu. Alikuwa ameshaamua kesi za ndama thelathini. Hii ilimshinda, akachukua kapu lake la mayai akasimama pembeni.

Hapo ndipo walipo. Katapila linaunguruma, Subilaga ndiye aliyeshika vishikio. Kushoto ni kiwanja chake, kulia ni zizi la Tusekile, na juu kilimani ni nyumba ya mama yake Ambakisye. Mwendo wa katapila ni wa kinyonga na vilima ni vitatu. Siku moja inatosha kilima kimoja, kwa hiyo anayetaka kusema wagawane, anyamaze. Jasho la siku tatu, pua ya dakika moja, au makalio yaliyokaa bila kujua?

Haya, dereva anasubiri na dizeli inaungua. Wewe ungemwambia akate upande gani?