Nani Amchukue Hatibu?

Sogeeni, jamani. Mwenye kutaka kisa cha kucheka leo amekosea baraza, maana hiki hunitisha hata mimi ninayekitoa. Kina watu watatu wa nchi tatu. Mmoja alikuwa na sikio, mmoja jicho, mmoja ulimi.

Mwenye sikio ni Bi Mwanaidi wa Tanga, mjane, muuza bajia. Adhuhuri moja alimsikia mwanawe wa pekee, Hatibu, akinong'ona kwenye simu nyuma ya pazia: "Hata Mzee Petro damu yake ni halali." Mzee Petro ni jirani yao, fundi baiskeli, ndiye aliyemfundisha Hatibu kazi. Bi Mwanaidi akaganda na beseni lake mkononi. Akajidanganya kwamba hakusikia vizuri. Kesho yake Hatibu akambusu mkono. "Mama, nimepata kazi Mombasa. Niwie radhi kwa yote." Naye, kama mama yeyote wa pwani, akajibu kabla ya kufikiri: "Nimekuwia, mwanangu, duniani na akhera."

Kijana alipokwisha kukata kona ndipo akili ilipomrudia. Anayekwenda kazini haombi radhi ya namna ile; ile ni ya asiyerudi. Na yeye ameshaitoa! Alikimbia kituo cha polisi miguu mitupu, akamshtaki mwanawe.

Mwenye jicho ni Afande Tabitha, anayegonga mihuri mpakani upande wa Kenya. Picha ya Hatibu alitumiwa, lakini ilikuwa ya shuleni, ya miaka mitano nyuma, na siku ile foleni ilifika barabarani. Akamwona kijana wa ndevu ambaye kila akiulizwa, mwanamume wa nyuma yake ndiye anayejibu. Chini ya zile ndevu akaitambua pua ya kwenye picha. Hakupiga kelele. "Kijana, muhuri umekauka wino. Kaa hapa kidogo." Alipoinua macho, yule mwanamume hakuwepo tena.

Mwenye ulimi ni Athmani Shee wa Kismayu, Somalia. Huyu aliwahi kubeba bunduki ya wapiganaji hao hao waliokuwa wakimwita Hatibu, akatorokea Kenya, na sasa huzungumza na vijana walionaswa. Siku tisa Hatibu hakumjibu hata salamu. Siku ya kumi Athmani akamwambia, "Mimi waliniahidi pepo, wakanichimbisha makaburi ya wenzangu. Mama yangu alinitafuta kambi hadi kambi, akafia njiani." Hatibu akalia mpaka akatapika. Kisha akawataja wenzake wawili waliotarajiwa kusafiri Ijumaa ile, nao wakazuiwa. Aliyewatuma hakumjua, alikuwa sauti tu ya simuni.

Hakimu alipoona kijana hajamdhuru mtu, akasema, "Nitamwachia, lakini akae miaka miwili chini ya mkono wa mtu mmoja. Nani?"

"Ni wangu, nimemzaa," akasema Bi Mwanaidi.

"Mama, usinifikirie vibaya," akasema Tabitha. "Mwenye ile sauti pengine anaishi mtaani kwenu. Kaka yangu ana karakana ya baiskeli hapa mpakani. Nitamwona kila siku."

"Utamwona uso, Afande," akasema Athmani. "Mawazo yale hurudi. Mimi najua yanavyobisha hodi. Akae kwangu."

Bi Mwanaidi akaitazama mikono ya Athmani, akakumbuka ilichowahi kushika. Akamgeukia mwanawe. Hatibu alikuwa akimkazia macho, wala mama hakujua kama ni macho ya mapenzi au ya kinyongo.

"Mama," Hatibu akasema polepole, "ukinichukua, utapata usingizi nami nikiwa chumba cha pili?"

Bi Mwanaidi akautazama mkono wake, ule Hatibu alioubusu siku ya kuaga.

Haya, hakimu anangoja na kalamu iko wazi. Bila sikio asingetafutwa, bila jicho angevuka, bila ulimi angebaki yule yule. Wewe ungemkabidhi nani? Lakini usijibu haraka. Mjibu kwanza Hatibu: ungelala?