Uji Mwepesi wa Olegario

Wahenga waliposema kwamba kidole kimoja hakivunji chawa, hawakuwa wakitafuta maneno matamu. Bila shaka walikuwa na chawa. Maana ya methali hii ni kuwa mtu akiwa peke yake, hata awe hodari kama simba, ipo kazi ndogo, ndogo kabisa, itakayomshinda mpaka atafute mwenzake. Ukweli huu ulimfika Olegario Bentancur, mtu mwenye vidole kumi na shahada ya chuo kikuu.

Olegario alifanya kazi katika maabara ya chama cha wafuga farasi pale mjini Tacuarembó, katika nchi inayopakana na Brazili, chumba kimoja juu ya duka la pumba na chumvi ya mifugo. Kazi yake ilikuwa kusema mtoto huyu wa farasi ni wa nani. Watu walimletea nywele zilizong'olewa na mizizi yake, naye akatoa humo vinasaba, akavipitisha katika mrija wa kioo mwembamba kama unywele wenyewe. Mrija ulijazwa uji wa polima, mzito na wenye kuteleza kama mlenda. Umeme ulivivuta vipande vya vinasaba katika uji ule, vifupi vikipenya upesi, virefu vikinaswanaswa na kuchelewa, kama watu wanaotoka harusini kwa mlango mmoja: watoto huchomoka, mashangazi wanene hubaki wakisukumana. Kila kipande kilipofika mwisho kilichora kilima kwenye skrini. Vilima vya mtoto vikioana na vya mama, kesi imekwisha. Bila uji mzuri, wote hutoka kwa mkupuo, na hakuna ajuaye nani ni nani.

Chumbani mlikuwa na kiti kimoja, maana cha pili Olegario alikuwa amekipeleka stoo ili kisimtazame. Kibuyu chake cha yerba, yale majani machungu yanywewayo kama chai, kilikuwa kidogo kama ngumi ya mtoto mchanga, cha kumtosha yeye tu. Katika nchi ile, kunywa yerba peke yako ni kama kujichezea ngoma mwenyewe: hukatazwi, ila majirani hukuonea huruma. Kibuyu huzunguka. Mwenye chupa ya maji moto humimina, akakupa, ukanyonya kwa mrija wa chuma, ukamrudishia bila neno, zamu yako ikaja tena. Ukirudisha na kusema asante, umekwisha kunywa. Hutamiminiwa tena.

Zamani walikuwa wawili mle ndani, yeye na Zulema Techera. Uji wakiupika wenyewe, na ulisifiwa mpaka ng'ambo ya mto. Kisha chama kikafanya sherehe, Olegario akapanda jukwaani akasema, "Nilipima, nilikoroga, niligundua." Zulema aliketi mstari wa mbele akimsikiliza kama mtu anayewaona kuku wake katika banda la jirani. Kesho yake alikunywa kibuyu kimoja tu, akakirudisha, akasema, "Asante," akavaa koti lake. Tangu hapo alifanya kazi katika kiwanda cha rangi kwenye barabara ya kutokea mjini. Olegario akimwona penye duka la mkate alivuka barabara, hata penye matope.

Majira ya baridi yalipoingia, bibi mmoja mjane aitwaye Nicasia alipanda ngazi za maabara akihema, mkononi kashika kishungi cha nywele za farasi kilichofungwa uzi mwekundu.

"Za farasi wangu, mama wa mtoto," alisema. "Radi ilipiga waya wa ua, naye alikuwa ameuegemea, akafa papo hapo. Mtoto akapita penye ua ulioanguka, akaingia kundi la jirani yangu Da Rosa. Sasa Da Rosa anasema kazaliwa kwake."

"Na mtoto mwenyewe?"

"Nywele zake hizi, pamoja na za jike wa Da Rosa anayedaiwa kumzaa, hakimu kaniruhusu. Lakini kasema ushahidi usipofika kufikia Ijumaa, Da Rosa anaweza kumuuza Brazili. Mwanangu, huyo ndiye wa mwisho wa ukoo aliouhangaikia marehemu mume wangu. Nyumba yangu siku hizi imenyamaza hadi kuku wananong'ona."

Olegario alimwahidi. Hakumwambia kwamba uji wa kununuliwa umekwama forodhani, na kwamba chupa ya mwisho imechacha, imekuwa maji matupu. "Nitapika mwenyewe," alijisemea, na kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kumpinga, alikubaliana na nafsi yake mara moja.

Alichukua unga wa polima, akautia katika maji. Kwa kuogopa usije ukakataa kupanda katika mrija, akaupika mwepesi. Vinasaba vilipita mbio kama ng'ombe penye lango lililoachwa wazi. Skrini ikachora kilima kimoja kinene, mama, mtoto na majirani wote ndani yake. Akaongeza unga kwa pupa. Kisumaku cha kukorogea kikakwama, akashika mwiko kwa mkono mmoja, na mkono wa pili akamwaga. Unga ukashikana madonge kama ugali wa bwana harusi aliyeachwa na mkewe siku ya pili. Mrija ukaziba. Akauzibua, akapika tena, ukaziba tena. Vinasaba vya mama wa farasi, vilivyotoka katika nywele zile chache, vilikuwa vikipungua kwa kila jaribio, na baada yake hapakuwa na vingine duniani.

Siku ya Jumatano mvua ilinyesha. Bibi Nicasia akaja na maandazi ya mafuta ya ng'ombe, kwa sababu siku ya mvua huko hawapiki kingine. Viatu vyake vya mpira vilijaa maji.

"Keti, bibi."

"Niketi wapi? Una kiti kimoja na umekikalia."

Olegario aliinuka kwa haya. Bibi aliketi, akanyoosha mguu. "Hebu nivue. Tangu marehemu aondoke sina wa kunivuta viatu hivi. Juzi nililala navyo. Nikaota niko jeshini."

Olegario alishika kisigino, akavuta, kiatu kikatoka kwa mlio wa kuaibisha. Wote wawili wakajifanya hawakusikia.

"Kazi yangu imefika wapi?" bibi aliuliza.

"Uji unanisumbua."

"Yule mwenzako aliyekuwa hapa, binti wa Techera, naye pia uji ulikuwa ukimsumbua?"

"Hatusemezani."

"Kwa nini?"

Olegario alikipangusa matope kile kiatu kilichovuliwa, kama mwivi wa kuku anayefuta nyayo. Bibi aliangalia kile kibuyu kidogo mezani, akatikisa kichwa.

"Mwanangu, mimi nimepewa upweke na Mungu, sikuwa na la kufanya. Wewe umejipikia mwenyewe, na huo ndio umekuivia vizuri. Nivute na hiki cha pili."

Mvua ilipopungua, Olegario alitembea hadi kiwanda cha rangi. Barabara ilionekana ndefu kama mfungo. Mlangoni alisimama akifuta miwani, akaifuta tena ilipokwisha kuwa safi. Zulema alitoka akiwa na rangi ya kijani mpaka kwenye nyusi.

"Umepotea?" alisema. "Duka la mkate liko kule. Au leo hakuna barabara ya kuvuka?"

"Uji umenishinda, Zulema."

"Uji wako?"

Olegario alitazama matope ya viatu vyake. "Wetu. Nilisema uongo ukumbini. Najua nilisema, na nilijua hata wakati ule nikisema."

Zulema alipangusa rangi kwenye nyusi. Ndani ya kiwanda mtu alikuwa akigonga pipa. "Ni wa nani huyo farasi?" aliuliza hatimaye.

"Wa bibi Nicasia."

"Basi nakuja kwa ajili ya bibi. Usidhani ni kwa ajili yako."

Kesho yake asubuhi alifika maabara, akayatazama mabakuli ya uji wa Olegario kama mama mkwe anavyotazama jiko la mkaza mwana.

"Huu wa kwanza ulikuwa maji," alisema. "Nyuzi za polima ziko mbalimbali, kila mmoja na lake, hazigusani. Vinasaba vinapita katikati hata salamu hakuna. Ni lazima ziwe nyingi mpaka zishikane, ziwe wavu."

"Najua."

"Unajua, ndiyo. Ukumbi mzima uliueleza. Koroga."

Olegario alikoroga polepole kwa mikono miwili, naye Zulema akanyunyiza unga chembe kwa chembe, kama anayetia chumvi chakula cha mgonjwa. Hapakuwa na mkono wa tatu wa kufanya pupa. Uji ulianza kuvutana, ukawa mzito, ukang'aa, bila donge hata moja. Wakauacha utulie mchana kutwa hadi mapovu yote yapande na kutoka, maana povu moja dogo likiingia mrijani hukata safari ya wote. Zulema alisimama dirishani, Olegario akasimama mlangoni, na kiti kimoja kikakaa katikati yao kikiwa kitupu. Jioni Zulema aliondoka bila kuaga.

Olegario alilala akiamini kwamba harudi. Hata hivyo Ijumaa, kabla hajaja, alikwenda stoo akakitoa kile kiti cha pili, akakipangusa vumbi kwa shati lake.

Zulema alirudi. Wakatia uji mrijani, wakatia na tone la mwisho la vinasaba vya mama. Skrini ilikaa tupu kwa muda mrefu. Kisha kilima kikainuka, chembamba kama mwiba. Kikafuata kingine, na kingine, kila kimoja kimesimama mbali na mwenzake. Walivipanga na vya mtoto: kila mahali, kilima kimoja cha mtoto kilisimama mguu sawa na kimoja cha mama. Na vya jike wa Da Rosa havikuoana hata kwa bahati mbaya.

Matokeo yalipelekwa kwa hakimu siku ile ile, na bibi Nicasia akapigiwa simu. Akasema, "Nitamwambia hakimu amlete mtoto wa farasi, pamoja na mtu wa kunivua viatu," akakata.

Kazi ya bibi ilikuwa imekwisha, na koti la Zulema lilikuwa juu ya msumari karibu na mlango. Olegario alimimina maji moto katika kile kibuyu kidogo, akamnyooshea Zulema. Zulema aliketi kwenye kiti cha pili, akanyonya mpaka mrija ukakoroma. Akakirudisha. Olegario alikipokea akilingoja lile neno, kama mtu anayengoja mlango ufungwe.

Zulema hakusema asante. Alitazama mvua nje, akasubiri zamu yake.

"Kibuyu hiki ni kidogo mno," alisema baadaye. "Kesho nitaleta changu."

Olegario akamimina tena, na safari hii maji yalimwagika mezani asiyaone. Kweli, kidole kimoja hakivunji chawa.