Sura ya Waziri Kwenye Noti

Waziri wa Fedha alimwita Kitwana, mchoraji wa noti.

"Noti mpya iwe na sura yangu. La sivyo, kazi huna."

"Sawa, mheshimiwa. Shughuli tuifanye Jumamosi?"

"Jumamosi inafaa."

"Wageni wapikiwe pilau?"

"Pilau ya mbuzi. Na kila benki ilete maua."

"Zitaleta. Na hotuba?"

"Wanisifu mpaka walie."

"Watalia tu. Sasa kaburi tuchimbe wapi?"

"Kaburi la nani?"

"Lako, mheshimiwa. Gavana wa Benki Kuu alipotaka sura yake iwe kwenye noti, si ni wewe uliyeleta sheria kwamba mtu awekwe akishakufa?"

Waziri alilegeza tai.

"Chora kiboko," akasema.

Noti ikatoka na kiboko mnene, amelegeza tai.