Geukieni Ukutani

Hadithi ninayo, lakini ina miiba. Anayeogopa kuchomwa aondoke sasa hivi, asije akanikatiza katikati kwa machozi. Mliobaki, sogeeni. Na wewe unayetafuna huko nyuma, meza kwanza.

Palikuwa na mafundi cherehani watatu Muheza, nyuma ya soko la machungwa. Walishona kwenye baraza moja na walichukiana kwa moyo mmoja. Hilo la kuchukiana ndilo jambo pekee walilopatana.

Wa kwanza aliitwa Siwema. Nyumba ilikuwa yake na baraza ilikuwa yake, aliachiwa na marehemu baba yake. Kipaji chake kilikuwa ung'ang'anizi. Mlango uliokwama aliusukuma mpaka ufunguke au uvunjike, na ukivunjika alisema umefunguka.

Wa pili aliitwa Tunu, mjane wa mdogo wake Siwema. Kipaji chake kilikuwa lugha. Alisoma mpaka kidato cha nne, na Kiingereza kilimkaa mdomoni vizuri kabisa. Tangu mumewe afariki alilala chumba cha uani kisicho na komeo wala kitasa, na Siwema aliingia humo bila hodi, mara kutafuta ungo, mara kutafuta sufuria, mara kutafuta ugomvi tu. "Umekaa kwa nani, wifi?" alikuwa akimwuliza. "Mumeo yuko makaburini. Humu ndani umebakiza nini?" Tunu hakuwa na kwao pa kurudi. Kila usiku alilala ameegemeza ndoo mlangoni. Kitu alichokitamani duniani kilikuwa mlango wa kufunga.

Wa tatu aliitwa Mashavu, aliyepanga pembe moja ya baraza. Kipaji chake kilikuwa mikono. Kusoma hajui, jina lake ukimwandikia mbele ya macho halitambui. Tarakimu tu alizifahamu, kwa sababu ya futi ya kupimia. Lakini akishika mkasi, ewe! Kola ilikaa shingoni kana kwamba mtu kazaliwa nayo. Zamani yeye na Siwema walikuwa mashoga wa kufa na kuzikana, mpaka Siwema alipomnyang'anya mteja, bibi harusi, wiki moja kabla ya harusi. Tangu siku hiyo wakawa wanasalimiana kwa mafumbo.

Basi siku moja likabandikwa tangazo sokoni. Chuo cha ufundi kinatafuta mwalimu wa ushonaji, mmoja. Awe na cheti cha darasa la wiki nane la mtandaoni, na ajue kufundisha kwa simu na kompyuta, maana nusu ya masomo ya chuo yamehamia huko. Mwalimu atapewa chumba chake chuoni, chenye mlango na ufunguo.

Tunu alilisoma neno "ufunguo" mara mbili.

Kila mmoja alijaribu peke yake kwa kujificha. Siwema alikuwa na simu ya kupangusa, akalifungua darasa, akakuta Kiingereza kimejaa kuanzia juu mpaka chini, akatukana. Tunu aliazima simu ya jirani, akaelewa kila neno, lakini mazoezi yalitaka nguo iliyokatwa mbele ya kamera, na yeye kola zake hata bata asingezivaa. Mashavu alimwendea kijana wa duka la simu, akaonyeshwa pa kubonyeza, akarudi nyumbani amesahau, akaona haya kurudi tena.

Siku ya tatu Siwema akasimamisha cherehani yake.

"Tunu, sikupendi," akasema.

"Najua, wifi."

"Na wewe Mashavu, wewe ndiyo sikupendi kabisa."

"Tuko sawa," akajibu Mashavu. "Sema unachotaka."

"Darasa tusome sote watatu. Tukishamaliza, tutajuana."

Lishikeni neno hilo, "tutajuana". Wangapi wamepotezwa nalo! Mtu mwenye akili angeuliza palepale: tutajuana vipi? Hakuuliza hata mmoja, kwa sababu kila mmoja alikwisha panga moyoni jinsi atakavyowazunguka wenzake.

Ugomvi ulianza kwenye kujiandikisha. Wajiandikishe kwa jina la nani? Wakabishana mpaka chai ikapoa, mwisho wakaandika "Fundi Barazani", lisiwe la mtu. Halafu simu ikataka neno la siri. Siwema alihofu Tunu atalijua, atorokee kwenye simu nyingine akasome peke yake. Tunu alihofu Siwema atalibadilisha siku atakapoona hamhitaji tena. Mashavu aliwahofu wote wawili. Basi wakakata shauri hivi: neno la siri liwe na vipande vitatu, kila mtu aweke chake, na asiijue siri ya mwenzake.

"Geukieni ukutani!" akaamuru Siwema. Wawili wakageuka, mmoja akabonyeza. Wakapokezana hivyo hivyo mpaka neno likatimia.

Wao hawakuambiana, lakini mimi ninajua. Kipande cha Tunu kilikuwa "wifinyoka". Kipande cha Siwema kilikuwa "kulakulala", jina alilomwita Tunu kila alipomwona kakaa. Na Mashavu, asiyejua herufi, aliweka tarakimu mbili tu, tano na mbili. Ndiyo nyonga za Siwema kwa inchi, na fundi mwenye adabu hatoi nje kipimo cha mteja. Kwa hiyo kila siku, kabla ya elimu kuingia, ilitangulia mitusi mitatu, na darasa likafunguka vizuri tu.

Sasa nisikilizeni niwaambie nani alifanya nini, maana hapa ndipo mtakaponidanganya baadaye nikiwauliza.

Siwema ndiye aliyeifuga hiyo simu. Hakuna aliyemfundisha. Alibonyeza kila kijipicha, akapotea, akarudi, akapotea tena, mpaka akajua kupakia picha, kutuma kazi, kurudisha somo nyuma, kuiunganisha kamera. Mtandao ulipokuwa ukikatika alizunguka ua mzima amenyanyua simu juu, siku nne, na mvua ikimnyea, mpaka akagundua unashika mahali pamoja tu: kati ya choo na banda la kuku. Darasa likahamia hapo. Ukuta waliogeukia wakati wa neno la siri ukawa ukuta wa choo. Bila Siwema, darasa lisingefunguka.

Tunu ndiye aliyekuwa ulimi. Kila somo alilisikiliza mara mbili, mara ya kwanza aelewe, mara ya pili aeleweshe. Maneno yasiyokuwemo kwenye Kiswahili cha barazani aliyatafutia mengine, akayachora kwa chaki ukutani, akayaigiza kwa mwili wake kama mwendawazimu, huku Siwema akimwambia, "Sema haraka, bando linaisha, wewe unaringa na Kiingereza chako." Maswali ya maandishi yote aliyajibu yeye. Sauti ilimkauka wiki ya tano, akaendelea kwa kunong'ona. Bila Tunu, darasa lisingeeleweka.

Na Mashavu ndiye aliyekuwa mikono. Kila Jumamosi mwalimu alimwita fundi mmoja mmoja, akamtazama kwa kamera akikata na kushona. Kwa Fundi Barazani kamera ilionyesha mikono tu. Mashavu aliyatupa mazoea ya miaka ishirini, akajifunza kukata upya kama mtoto wa shule, akachomwa na sindano mpaka kucha ikageuka nyeusi. Wiki ya sita alifumua koti moja mara saba. Bila Mashavu, darasa lisingefaulika.

Wakapendana? Thubutu! Wiki nane za pamoja zilizidisha chuki. Mashavu alimwita Tunu kasuku. Tunu alimwambia Siwema kuwa hata kuku wangejua kubonyeza wakifundishwa. Siwema aliwaambia wote wawili kuwa fadhila ya punda ni mashuzi.

Ikafika Jumamosi ya mwisho, mtihani wa gauni zima. Siwema alishika simu mkono mmoja, mkono wa pili anawafukuza kuku. Tunu alinong'ona maagizo. Mashavu alikata.

"Anasema uache inchi moja kwenye pindo," akanong'ona Tunu.

"Nimeacha. Mwambie mama huyo asinifundishe pindo."

"Funga domo, kata!" akafoka Siwema. "Na hicho Kizungu chake kama kameza kiazi!"

Gauni likaisha. Likageuzwa mbele, likageuzwa nyuma. Mwalimu, ambaye kwa wiki nane walimsikia kwa Kiingereza tu, akakohoa, akasema kwa Kiswahili safi cha mwambao:

"Hongereni. Gauni halina kasoro. Na kiazi nimeshakimeza, mwanangu, mimi mtu wa Pangani."

Simu nusura imdondoke Siwema.

Mnajua kilichotokea? Kuna kijipicha cha kipaza sauti. Kikifungwa huwa chekundu, kimekatwa na mstari. Siwema, aliyejifunza kila kitu peke yake, alikiona chekundu chenye mstari akadhani kimeharibika. Kila Jumamosi alikuwa akikibonyeza kwanza ili kipone. Mwalimu alikwisha sikia yote: kasuku, kuku, punda na mashuzi yake.

"Najua mko watatu tangu Jumamosi ya kwanza," mwalimu akaendelea. "Kazi imefaulu, siwezi kusema haikufaulu. Lakini aliyejiandikisha ni mmoja, na cheti kina kisanduku kimoja cha jina. Nani fundi, mimi sijui, na kuwaamulia siwezi. Jazeni wenyewe kabla ya Ijumaa saa sita kamili mchana. Likishaandikwa halifutiki. Msipoandika, cheti kinakufa."

Ijumaa saa tano na nusu wakawa pale pale, kati ya choo na kuku. Wakageukia ukuta kwa zamu, ukurasa ukafunguka, kisanduku kitupu kikatokea. Hapo ndipo "tutajuana" ikafika.

"Jina ni langu," akasema Siwema. "Nani alilitafuta darasa? Simu ya nani? Mimi nimenyeshewa siku nne nyinyi mko barazani mnakausha nywele!"

"Chanda chema huvikwa pete," akasema Mashavu. "Mwalimu aliona nini kwenye kamera? Aliona simu yako? Aliona ulimi wa huyu? Aliona mikono hii."

"Utamfundisha nani, wewe usiyejua kusoma hata jina la mwanafunzi?"

"Na wewe utamfundisha nini? Kubonyeza?"

Kisha wote wawili wakamgeukia Tunu. "Na huyu?" akacheka Siwema. "Huyu si fundi. Huyu redio."

Miaka miwili Tunu alikuwa ameimeza habari ya chumba chake, na siku hiyo aliitema.

"Nakuchukia, wifi," akasema. "Nakuchukia wewe na Mashavu wako. Kila mlichokijua kimepita mdomoni mwangu. Maswali arobaini ya maandishi nimeyajibu mimi. Nyinyi kila mmoja ana pa kulala na kufunga mlango. Mimi ninalala na ndoo!"

"Basi andika lako!" akafoka Siwema. "Andika, kisha toka nyumbani kwangu leo hii, kabla ya swala! Ukiandika la Mashavu, utoke vilevile. Andika Siwema, ubaki."

"Ubaki uwe mtumwa," akasema Mashavu. "Na usipoandika langu, Tunu, Jumatatu ninakwenda chuoni na gauni mkononi, niwaombe wewe na wifi yako mkate jingine kama lile mbele ya watu. Tuone."

"Hutakwenda popote!"

Siwema akamvaa Mashavu, Mashavu akamdaka kanga, wakakamatana. Simu ikaponyoka, ikaangukia mapajani mwa Tunu, kioo chake kizima, ukurasa uko wazi. Saa ilikuwa sita kasoro dakika nne.

Tunu akaishika. Waliokuwa wakipigana walikuwa na mikono iliyojaa, hakuna wa kumzuia. Siwema lina herufi sita. Mashavu lina saba. Tunu lina nne, mibonyezo minne tu na mlango una ufunguo. Aliikumbuka kucha nyeusi ya Mashavu. Alimkumbuka Siwema kwenye mvua, amenyanyua simu juu, hajali. Alitamani asingeyakumbuka. Angeandika lake na roho yake ingekuwa nyeupe, kama wale wawili wangekuwa wabaya tu na hawakufanya kitu.

Dakika tatu.

Mimi nakomea hapa. Na asinijie mtu na habari za "wagawane". Kisanduku kimoja, chumba kimoja, kazi moja, na hao watatu hawawezi kugawana hata kivuli. Wala usiniambie amuachie Mungu, kwa sababu Mungu hakuombwa neno la siri. Ukisema Siwema, niambie kwa nini mwenye kufungua mlango awe bora kuliko aliyeingia akafanya kazi ndani. Ukisema Mashavu, niambie mikono isiyoelekezwa ingekata nini. Ukisema Tunu, niambie kama unampa haki yake au unamwonea huruma, maana hivyo ni vitu viwili.

Haya. Kidole kiko juu ya kioo, na nyuma yake watu wawili wanararuana kanga. Je, wewe ungeamua vipi? Sema jina, na ulilisemalo usilifute.