Tupa ya Gasto

Mwiba ni kitu kidogo, lakini aliyeupuuza huishia kuuburuta mguu. Wahenga walituasa, Melkiori hakusikia. Yeye alikuwa mwenyekiti wa kijiji kipya cha ujamaa huko Iramba, miaka ile watu walipohamishiwa vijijini.

Kijiji kilipewa msumeno mmoja wa mashine wa kupasulia mbao za paa la zahanati. Kuta za matofali mabichi zilikwisha kusimama, na paa lilitakiwa kabla ya mvua. Hakuna aliyeingojea zahanati ile kama Gasto, fundi wa msumeno. Mkewe, Dorika, alikuwa mjamzito, na mtoto wao wa kwanza alifia njiani, juu ya mkokoteni wa maksai, wakikimbilia hospitali ya Kiomboi.

Basi Gasto aliutunza msumeno kama mboni ya jicho. Kila mafuta yalipoisha aliketi juu ya gogo, akaunoa mnyororo wa msumeno kwa tupa, jino kwa jino, wala hakuuacha uguse mchanga. Kuketi huko ndiko kulikomponza. Kijijini pale, aliyeketi saa za kazi aliitwa kupe. Melkiori akamsimanga mkutanoni kwamba anachezea tupa wenzake wakitoka jasho, akampokonya msumeno na kumpa Urbano, kijana mwenye mabega mapana.

“Mwenyekiti,” Gasto alisema kwa uchungu, “mnyororo usiponolewa, mashine itakufa.”

“Kijiji hiki hakijengwi kwa kukaa,” alijibiwa.

Urbano alikata magogo yakiwa yamelala chini, mnyororo ukatafuna mchanga. Siku ya tatu ukatoa unga badala ya vipande, na moshi juu yake. Naye akazidi kuukandamiza, Melkiori akimsifu kwa bidii! Siku ya tano injini iliungua. Vipuri havikupatikana Singida wala Dodoma.

Mvua ikanyesha, kuta zisizo na paa zikabomoka. Wiki ileile Dorika alishikwa na uchungu, akapakiwa tena mkokotenini. Mto ulikuwa umefurika. Mtoto alizaliwa kando ya njia, akalia mara moja tu.

Melkiori alipofika kwenye msiba wa mtoto, hakuna aliyemsogezea kigoda. Gasto alimsogezea chake, kisha akamtia tupa mkononi.

“Keti, Mwenyekiti,” alisema. “Leo hakuna atakayekuita kupe.”

Melkiori akaketi, akainamisha kichwa. Aliyedharau ni yeye, walioumia ni wengine, na hilo ndilo linalotia hasira. Lakini hukumu ni ileile: mdharau mwiba mguu huota tende.